Saa 8,000 na karatasi moja

Jirani yangu hapa Fort Worth, Texas, ni Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Kule alikuwa fundi. Redio, simu, sola, friji za wenye vibanda vya soda, spika za makanisa. Chochote chenye waya kikizimika, aliitwa yeye. Jumapili moja mwaka jana alinigongea mlango ameshika kipeperushi cha chuo cha jamii, hivi ambavyo Waswahili wa huku tunaviita komyuniti koleji. Kwenye kipeperushi kulikuwa na kijana amevaa kofia ngumu ya manjano, anacheka, mkononi ana mita ya kupimia umeme. Chini yake imeandikwa: digrii ya miaka miwili ya ufundi na matengenezo ya umeme.

"Kaka," akaniuliza, "nisome hii au niendelee kubeba maboksi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia aniachie kipeperushi. Jibu nililompa baada ya wiki mbili ndilo hili, ila hapa nimelirefusha, kwa sababu tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo na watu wengine wanne, na mmoja wao yuko Mwanza.

Wengi hulijibu haraka. Wazee wetu watasema soma, karatasi haiozi. Mafundi wenyewe watasema ufundi haukai darasani, mtafute fundi umbebee mfuko wa vifaa. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuandaa hesabu za kodi za watu, na swali la pesa nikiliona huanza na sheria kabla ya ada. Ada inaweza kupunguzwa na ruzuku inaweza kuombwa. Sheria ndiyo inayosema nani ataruhusiwa kulipwa kama fundi na nani atalipwa kama msaidizi wake, hata kama wote wawili wanavuta waya uleule.

Kwa fundi umeme wa Texas, sheria inahesabu saa. Idara ya leseni ya jimbo, TDLR, inataka saa 8,000 za kazi chini ya usimamizi wa fundi mkuu mwenye leseni kabla ya kukupa leseni ya fundi kamili. Ukipiga saa 40 kila wiki bila kukosa, hiyo ni karibu miaka minne. Ukitaka kuwa fundi mkuu mwenyewe, yule ambaye kampuni husimama juu ya leseni yake, saa zinafika 12,000. Juu ya saa hizo kuna mtihani wa kanuni za taifa za umeme, kitabu kinene kinachotolewa upya kila baada ya miaka mitatu. Unaruhusiwa kukifungua ndani ya chumba cha mtihani, jambo linalowafanya watu waudharau, mpaka wagundue kwamba muda hautoshi kutafuta jibu la swali ambalo hujui hata liko sura gani. Digrii si sharti.

Saa zenyewe lazima ziwe za huku, au angalau chini ya mtu mwenye leseni inayotambulika. Miaka 12 ya Nyarugusu ya jirani yangu, kwenye fomu ile, ni sifuri. Nilipomweleza hilo alinyamaza kidogo, halafu akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuzoea kuanza upya. Namwonea uchungu, lakini sitasema sheria imemwonea moja kwa moja. Umeme wa huku si ule wa kwetu. Kule ni volti 230 na hezi 50. Huku nyumba huingiziwa volti 120 na 240 kwa hezi 60. Kwenye nyumba za zamani za Tanzania na Kenya, zilizofungwa kwa rangi za Kiingereza, waya mwekundu ndio laivu na mweusi ni nyutro. Hapa mweusi ndio laivu, nyutro ni mweupe. Fundi mzoefu aliyeshika mweusi kwa miaka kumi bila wasiwasi, akiamka usingizini Texas na kuushika kwa mazoea, hatapata nafasi ya kujifunza mara ya pili. Kwa hiyo kuna kitu cha kusoma. Ninachobishania ni wapi usomwe, kwa muda gani, na ni nani alipe.

Halafu Marekani haina sheria moja. Illinois na Pennsylvania hazitoi kabisa leseni ya fundi umeme ngazi ya jimbo. Kila mji una utaratibu wake, na Chicago ina wake. Minnesota, ambako Wakenya ni wengi, aliyemaliza kozi ya miaka miwili iliyoidhinishwa hupunguziwa mwaka mmoja katika ile minne ya mazoezi. Hapo digrii imenunua kitu kinachohesabika: mwaka mzima wa kupanda mshahara mapema. Karatasi hiyohiyo ukivuka nayo mpaka wa jimbo inaweza isikupunguzie hata saa moja. Anayekuuliza kama digrii hii inalipa, muulize kwanza anaishi jimbo gani.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojichanganya, kwa sababu tumezoea kupima kila kozi kwa kipimo cha unesi. Nusu ya watu ninaowajua huku walianzia kwenye nyumba za wazee, wanageuza wagonjwa usiku, kisha wakaingia chuo cha jamii na kutoka manesi. Digrii ya unesi ya miaka miwili, inayotolewa pengine kwenye jengo la pili kutoka karakana ya umeme, inakupa haki ya kukaa mtihani wa taifa wa leseni. Ukifaulu, wewe ni nesi, na takwimu za serikali za 2024 zinaonyesha kwamba nesi wa katikati kabisa, yaani nusu wanapata zaidi yake na nusu chini yake, alilipwa dola 93,600 kwa mwaka. Fundi umeme wa katikati alilipwa dola 62,350. Mfanyakazi wa katikati wa kazi zote alilipwa dola 49,500. Wanaotazama namba hizo tatu husema: miaka miwili ni miaka miwili, nikisoma umeme nitatoka na elfu sitini. La. Nesi bila ile karatasi hasogei hata hatua moja, sheria imeifanya karatasi kuwa ndiyo ufunguo. Aliyehitimu umeme anatoka na karatasi na kuambiwa karibu, sasa anza kuhesabu saa.

Twende kwenye namba. Nimchukue mtu wa kubuni anayefanya kazi ghalani kwa dola 20 kwa saa, saa 40 kwa wiki, mwaka mzima. Anapata dola 41,600. Ovataimu nimeiacha makusudi, ingawa najua bila ovataimu wengi wetu kodi ya nyumba isingelipika. Mshahara huo ni wa kukadiria, na nitakaoutaja wa mwanagenzi, yaani anayejifunza ufundi kazini huku akilipwa, pia ni wa kukadiria. Mwenye namba za mji wake aziweke, mfumo hautabadilika.

Njia ya kwanza: anaingia chuo kutwa, anabaki na nusu ya kazi. Ada ya wastani ya chuo cha jamii kwa mkazi wa eneo ilikuwa kama dola 4,050 kwa mwaka wa masomo wa 2024 hadi 2025. Weka vitabu, viatu vya usalama, mita, koleo na bisibisi zake. Miaka miwili tuseme dola 10,000. Watu huishia kuhesabu hapo. Lakini amepoteza nusu ya mshahara kwa miaka miwili, dola 41,600 nyingine. Jumla imefika 51,600, na ada ndiyo sehemu ndogo. Kinachomla mtu ni muda, na muda haumo kwenye kipeperushi.

Akihitimu anaanza uanagenzi. Tuseme analipwa dola 20 mwaka wa kwanza, kisha nyongeza ya dola mbili na nusu kila mwaka: 22.50, 25, 27.50, na akipata leseni dola 30, ambayo kwa mwaka ni 62,400, karibu kabisa na ile ya takwimu. Ukilinganisha na mwenzake aliyebaki ghalani, miaka minne ya uanagenzi imemwongezea dola 31,200, na kila mwaka baada ya leseni unamwongezea 20,800. Zile 51,600 alizotumia anakuwa amezirudisha mwishoni mwa mwaka wa saba tangu siku alipojiandikisha. Kijana wa miaka 22 hiyo ni biashara nzuri tu. Atakuwa na miaka 29 na maisha yote mbele. Baba wa miaka 45 mwenye watoto watatu na mgongo ulioanza kulalamika, sitamshauri. Kutambaa ndani ya dari ya nyumba ya Texas mwezi wa Agosti ukiwa na miaka 52 si jambo la kuwekwa kwenye jedwali.

Njia ya pili: siku ileile, badala ya kujiandikisha chuo, anaingia uanagenzi moja kwa moja. Hapotezi mshahara. Mwishoni mwa mwaka wa nne ana leseni, na mwishoni mwa mwaka wa saba amemzidi yule wa ghalani kwa dola 93,600. Wakati huohuo mwenye digrii, ambaye ndiyo kwanza amerudisha gharama zake, yuko mbele ya yule wa ghalani kwa dola 400.

Nilipofika hapo jirani yangu alikwisha kuamua. "Basi chuo hapana." Nikamwambia polepole, kwa sababu hesabu hiyo imeficha kitu. Imedhani kwamba uanagenzi unaupata ukiuomba.

Uanagenzi mzuri zaidi, wenye nyongeza zilizoandikwa, bima ya afya na pensheni, huendeshwa kwa pamoja na chama cha mafundi umeme, IBEW, na umoja wa wakandarasi, NECA. Ule wa kufunga umeme kwenye majengo makubwa na viwanda ni wa miaka mitano: kazini kwa mshahara, na darasani kwa saa zilizopangwa kila mwaka. Mshahara huanza karibu nusu ya ule wa fundi kamili, au chini kidogo, na kupanda kwa ngazi. Wakandarasi wasio wa chama nao wana mipango yao iliyosajiliwa. Lakini waombaji ni wengi kuliko nafasi, na mlangoni kuna masharti. Uwe na cheti cha sekondari au GED, cheti mbadala kwa asiyemaliza sekondari. Uwe na aljebra, mwaka mmoja wa sekondari kwa alama isiyopungua C, au somo moja la aljebra la baada ya sekondari. Kisha kuna mtihani wa aljebra na wa ufahamu wa kusoma, wa Kiingereza bila shaka, halafu usaili.

Aljebra ya jirani yangu ilibaki kambini. Alisoma, anaikumbuka, lakini cheti hana, na hata angekuwa nacho angelazimika kulipa kampuni ya kutafsiri na kulinganisha vyeti. Je, aljebra inayotambulika inapatikana wapi, jioni, kwa mtu wa ghalani? Palepale kwenye chuo cha jamii. Somo moja, muhula mmoja, mamia machache ya dola. Nilipokipekua chote kile kipeperushi, nikaweka na hesabu zangu pembeni, nilifikia hitimisho ambalo lingemuudhi mwandishi wake: kwa mtu kama huyu, somo moja la chuo hicho linaweza kuwa na faida kubwa kuliko digrii nzima ya chuo hicho.

Sitaki nionekane naipiga vita digrii hii. Kuna mahali inalipa, na inalipa haraka. Neno lenye uzito kwenye kile kipeperushi ni matengenezo, ila watu hulisoma kama pambo. Anayefunga waya kwenye nyumba mpya na anayetengeneza mashine iliyosimama kiwandani wote tunawaita fundi umeme, lakini soko linawaona watu wawili tofauti. Kiwanda cha kufungasha nyama, cha vinywaji, cha vipuri vya magari, au ghala lenye mikanda ya kusafirisha mizigo kilomita nzima, hakitafuti mtu wa kuvuta waya. Kinatafuta mtu atakayeamshwa saa nane usiku mkanda umesimama, asome mchoro, afungue kabati, ajue kama kosa liko kwenye mota, kwenye kihisi au kwenye PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine. Hayo hujifunzi kwa kumbebea fundi wa nyumba mfuko. Yanahitaji maabara, na maabara ghali vyuo vya jamii wanazo. Tena majimbo mengi, Texas likiwemo, hayamdai leseni ile ya fundi umeme mtu aliyeajiriwa kutunza mitambo ya mwajiri wake mwenyewe.

Rudi kwenye namba zangu. Akihitimu na kuajiriwa kiwandani kwa dola 28, anamzidi mwenzake wa ghalani kwa dola 16,640 kwa mwaka tangu mwaka wa kwanza. Zile 51,600 zinarudi ndani ya miaka mitatu na kidogo, yaani mwanzoni mwa mwaka wa sita, sio mwishoni mwa wa saba. Na bado sijagusa wale wanaotengeneza vifaa vya vituo vya kufua na kupoza umeme, ambao kwenye takwimu za serikali ndio wanaoongoza kundi lote la watengenezaji wa umeme na elektroniki kwa malipo. Karibu na mkia wa kundi hilohilo wako wanaosuka upya mota na kutengeneza zana za umeme za mkononi, na pengo kati ya hawa na wale linakaribia maradufu. Hivyo kabla ya kusaini fomu, omba mtaala uone. Kama ni waya za nyumba, soketi na swichi kwa mihula minne, unalipia kitu ambacho mkandarasi angekufundisha huku akikulipa. Kama kuna PLC, mota za awamu tatu na maabara ya kutafutia makosa, hapo tunaongea.

Na ni nani analipa? Hili ndilo linaloweza kugeuza hesabu yote, na ndilo watu wetu wanalolijua kidogo. Ruzuku ya Pell ya serikali kuu kwa mwaka wa 2024 hadi 2025 ilifikia dola 7,395 kwa mwanafunzi wa kipato cha chini anayesoma kutwa. Hairudishwi. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuiomba sawa na raia, kwa fomu ya FAFSA, ambayo nayo ni bure. Anayekudai dola 100 akujazie mkwepe. Ruzuku hiyo inazidi ada ya wastani ya chuo cha jamii kwa zaidi ya dola 3,000, kiasi cha kununulia vifaa na mafuta ya gari.

Kuna na mlango mwingine. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hiyo kuhesabiwa kama mshahara wake. Maghala makubwa hutumia nafasi hiyo. Amazon ina mpango wake, Career Choice, tangu 2012. Nimewaandalia kodi watu waliobeba maboksi miaka sita kwenye kampuni zenye mipango ya namna hii bila kufungua ule ukurasa kwenye mtandao wa kampuni, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwa lugha wanayoielewa. Ukisoma jioni kwa miaka mitatu au minne, ghala likakulipia ada, mshahara wako ukabaki palepale, ile 51,600 inayeyuka na kubaki usingizi uliopotea. Katika hali hiyo hata digrii ya wastani inalipa, maana gharama yake imekuwa karibu na bure. Tatizo ni kuifikisha mwisho. Chini ya nusu ya wanaoanzia vyuo vya jamii humaliza masomo ndani ya miaka sita, na wanaodondoka wengi ni watu wa aina yetu hasa: wenye kazi, wenye watoto, wenye simu za kila mwezi kutoka nyumbani za kuomba msaada. Hapa saa zina ubora wake tena. Nusu ya digrii si digrii, mwajiri haihesabu. Saa 4,000 ni nusu ya leseni, na zikishasainiwa hakuna wa kukunyang'anya.

Niseme kwa kifupi juu ya vyuo binafsi vya biashara, vile vyenye matangazo ya redio na washauri wanaokupigia simu mara tatu kwa siku. Majina ya kozi zao yanafanana na ya chuo cha jamii, bei hazifanani kabisa. ITT Technical Institute ilikuwa ikitoa digrii za elektroniki za miaka miwili nchi nzima, ikafunga milango yake yote Septemba 2016 wanafunzi wakiwa katikati ya masomo. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilifuta mikopo ya dola bilioni 3.9 ya watu 208,000 waliosomea huko. Walisubiri miaka sita. Kama mshauri wa chuo anakukimbiza usaini leo, nenda kanywe chai kwanza.

Sasa yule wa Mwanza. Kijana amemaliza kidato cha sita, kuna wakala anamwambia mzazi wake auze kiwanja, amlipie chuo cha jamii Marekani, asomee umeme, "mafundi huku wanatafutwa kama dhahabu". Kwamba wanatafutwa ni kweli. Serikali yenyewe inakadiria nafasi takriban 80,000 za mafundi umeme kila mwaka kwa muongo huu, nyingi za kujaza pengo la wanaostaafu au kuhamia kazi nyingine. Lakini huyu kijana atakuja na viza ya mwanafunzi, F-1. Ada ya mkazi si yake. Atalipa ya mgeni, ambayo mara nyingi ni zaidi ya maradufu. Ruzuku ya Pell hapati. Wakati wa muhula ataruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki, tena ndani ya chuo. Akihitimu anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12. Ile nyongeza ya miezi 24 wanayopewa wahitimu wa sayansi na teknolojia inaanzia shahada ya kwanza, digrii ya miaka miwili haimo.

Miezi 12 ya kazi ni kama saa 2,000. Texas inataka 8,000. Yaani sheria ya uhamiaji inamfukuza kijana akiwa robo ya njia ambayo sheria ya leseni inamdai, na hakuna wakala anayeziweka sheria hizi mbili kwenye karatasi moja. Akirudi Mwanza na digrii yake ya volti 120, EWURA, mamlaka ya Tanzania inayotoa leseni za mafundi umeme, bado itamtaka aombe leseni yake kama mtu mwingine yeyote, na yule rafiki yake aliyekwenda chuo cha ufundi cha VETA miaka mitatu iliyopita atakuwa tayari ana wateja. Nilimwandikia mzazi asiuze kiwanja. Hajanijibu, naogopa kimeshauzwa.

Kwa jirani yangu ilikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa ana ukaazi wa kudumu na ana miaka 31. Hakujiandikisha digrii. Alichukua aljebra peke yake, Jumanne na Alhamisi jioni, muhula mmoja, akapata B na kuniletea matokeo yamekunjwa mfukoni kama risiti ya dukani. Amefanya mtihani wa uanagenzi, yuko kwenye foleni ya usaili, na foleni yenyewe inakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Hakutaka kuisubiri amekaa. Aliomba leseni ya mwanagenzi ya jimbo, ambayo ni ya ada ndogo, akaacha ghala na kuingia kwa mkandarasi mdogo anayefunga maduka na kliniki. Analipwa dola moja pungufu ya alizokuwa akipata kwenye maboksi. Mkewe hakufurahi, na sikumlaumu.

Kitu kimoja nilimsisitizia kuliko vingine vyote: daftari. Saa zile 8,000 hazijiandiki zenyewe; fundi mkuu uliyefanya kazi chini yake ndiye anayezithibitisha kwa sahihi yake, na mafundi wakuu huhama, hugombana na wenye kampuni, hufa. Nimewahi kuona mtu amepoteza karibu miaka miwili kwa sababu aliyepaswa kusaini hakupatikana tena. Basi kila Ijumaa huandika tarehe, jengo, saa, na namba ya leseni ya aliyemsimamia. Wiki iliyopita alinionyesha: saa 1,316. Fundi mkuu wake wa kwanza amekwisha hamia Oklahoma, lakini 640 zilizo chini ya jina lake alizisaini kabla hajaondoka.